Curt Richter: Mtu aliyeisaka saa iliyofichika mwilini

Curt Richter, mwanasayansi wa Marekani aliyefariki dunia mwezi Desemba mwaka 1988 akiwa na umri wa miaka 94, aliutumia karibu uhai wake wote kutafuta jibu la swali moja: kiumbe asiye na saa huujuaje wakati?

Alizaliwa mwaka 1894 mjini Denver, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Ujerumani. Alianza kusomea uhandisi mjini Dresden, kisha akarejea nyumbani na kusoma Harvard. Mwaka 1921 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, na hapo ndipo alipofanyia kazi kwa zaidi ya miaka 60.

Richter aliwaweka panya katika vizimba vyenye magurudumu, akihesabu mizunguko yao usiku na mchana. Aliwapofusha, akawaondoa tezi moja baada ya nyingine, lakini utaratibu wao wa kulala na kuamka haukuvunjika.

Ndipo alipougeukia ubongo. Mwaka 1967 alieleza kwamba sehemu ya mbele ya hipothalamasi ikijeruhiwa, utaratibu huo hutoweka. Miaka mitano baadaye, watafiti wengine wa Marekani walipabainisha mahali penyewe.

Moyo nao ulimshughulisha. Katika utafiti wa mwaka 1957, panya mwitu waliotiwa majini walikufa baada ya dakika chache, ingawa panya huweza kuogelea kwa saa nyingi. Mioyo yao haikwenda mbio, bali ilipunguza mapigo hadi ikasimama. Waliowahi kuokolewa kabla walistahimili zaidi. Richter aliona kuwa wale wa kwanza walikata tamaa. Wapo waliolipinga hitimisho hilo, na ukatili wa majaribio hayo ungali ukijadiliwa.

Watafiti waliofuata walipandikiza vyombo vidogo vya redio miilini mwa panya ili kupima moyo bila kuwashika. Panya wa maabara huishi miaka miwili au mitatu tu, hivyo uzee wake huonekana upesi: tofauti ya mapigo ya moyo kati ya usiku na mchana hupungua. Saa ingalipo, lakini amri yake imefifia.

Jambo hilo linamhusu pia binadamu, kwani shinikizo la damu lisiloshuka usingizini huongeza hatari ya maradhi ya moyo.

Richter mwenyewe aliendelea na utafiti hadi uzeeni, katika chuo kile kile alichoingia akiwa kijana.