William Robinson, Aliyeipa Reli Ulimi

Sisi watu wa Kwanza reli tunaiona tukishuka Kitale, ilikofika mwaka wa 1926. Garimoshi lenyewe nililizoea wakati wa likizo, kule Bungoma kwa mjomba wangu ambaye ni kiziwi. Pale tunapovukia reli hakuna kengele wala taa, ni honi tu. Sasa honi itamfaa nini kiziwi? Mjomba hushuka baiskeli, akainama, akaweka kiganja juu ya chuma, ndipo avuke. Siku moja mvua ilikuwa kubwa, nami nikatangulia. Alinivuta shati hadi vifungo vikakatika. Mabehewa ya mizigo yakapita mbele ya pua yangu. Tangu hapo nimekuwa nikimsoma bwana mmoja aitwaye William Robinson.

Alizaliwa Ireland mwaka wa 1840, akahamia Marekani, akahitimu Chuo Kikuu cha Wesleyan mwaka wa 1865. Enzi hizo, penye makutano ya reli na barabara aliwekwa mlinzi: mchana bendera, usiku taa. Akisinzia, basi tena!

Robinson alitaka reli ijisemee. Katika mtambo wake wa kwanza, garimoshi likipita liliwasha umeme, nao ukageuza ishara. Ulifanya kazi, lakini mwenyewe akaona dosari: waya ukikatika, ishara inanyamaza na watu wanadhani njia ni salama. Heri kukosa ishara kuliko kuwa na ishara mwongo. Basi akapindua mpango mzima. Katika uvumbuzi aliopewa hati mwezi wa Agosti 1872, umeme mdogo wa betri hupita kwenye vyuma viwili vya reli muda wote, ukishikilia swichi ya sumaku. Garimoshi likiingia, umeme hukatiza kupitia magurudumu na ekseli yake, swichi inaachia, hatari inatangazwa. Na betri ikifa je, au reli ikivunjika? Swichi inaachia vilevile. Kumbe hata ubovu unapiga kelele!

Mwaka huohuo mtambo ulifungwa Kinzua, jimbo la Pennsylvania. Baadaye mbinu hiyo ikaja kupiga kengele, kuwasha taa nyekundu na kuteremsha vizuizi kwenye makutano ya nchi nyingi. Robinson alifariki mwaka wa 1921, miaka mitano kabla reli haijafika Kitale.

Nilimchorea mjomba mambo haya daftarini. Alitazama sana, akaweka kidole penye ekseli, akacheka. Kisha tukaenda sokoni. Penye reli akashuka, akainama kama kawaida, na safari hii mimi pia nikaweka kiganja.