Charles Kettering na Cheche ya Motokaa

Motokaa ya petroli ipandapo kutoka Masasi kwenda Newala, katika mwinuko mkali wa uwanda wa Makonde, cheche ndogo huruka ndani ya injini maelfu ya mara kila dakika. Cheche zikikoma, na safari imekoma. Mtu aliyeitafutia cheche hiyo njia ya hakika ni Charles Kettering.

Alizaliwa mwaka 1876 katika shamba la Ohio, Marekani. Macho yake yalikuwa dhaifu, na kusoma kulimwumiza kichwa. Hata hivyo alisoma, akawa mwalimu wa shule ya kijijini. Baadaye aliingia chuo kikuu, lakini macho yakamshinda, akaenda kuchimba mashimo ya nguzo za simu. Alipopata nafuu alirudi, akahitimu mwaka 1904.

Akaajiriwa mjini Dayton, katika kiwanda cha mashine za kuhesabia fedha za madukani. Baada ya kazi, yeye na wenzake walikutana katika banda la Edward Deeds wakifanya majaribio. Njia waliyoitumia ni hii: umeme wa betri hupita katika waya mnene uliozungushiwa chuma. Chuma hicho kina pia waya mwembamba, wenye mizunguko mingi zaidi. Vipande viwili vya chuma vigusanavyo huachana ghafula. Umeme hukatika katika waya mnene, na papo hapo nguvu ya maelfu ya volti huzaliwa katika waya mwembamba, ikaruka kwenye plagi kuwa cheche.

Mwaka 1909 Henry Leland wa Cadillac aliagiza seti 8,000. Siku zile injini iliamshwa kwa kuzungusha hendeli, nayo iliweza kurudi nyuma ikamvunja dereva mkono. Kettering akatengeneza mota ya umeme ya kufanya kazi hiyo, ikatiwa katika Cadillac za mwaka 1912.

Lakini si kazi zake zote zilizoleta heri. Mwaka 1921 maabara yake iligundua kwamba risasi ikitiwa katika petroli huzuia injini isigonge. Risasi ni sumu. Mwaka 1924 wafanyakazi walikufa kwayo, na petroli hiyo haikuacha kuuzwa kwa motokaa duniani hata mwaka 2021.

Kettering alikufa mwaka 1958. Tangu miaka ya 1970 vile vipande viwili, vilivyolika upesi, vilianza kuondolewa. Transista hukata umeme pasipo kugusana kitu.

Basi, wanafunzi, igeni subira yake. Nanyi mtengenezapo kitu kipya, ulizeni kwanza kama hakitawadhuru wenzenu.