THOMAS STEVENS, MPANDA BAISKELI ALIYEFUATWA NA SIMBA WA MILIMANI

Wengi wetu katika mtaa huu tumelelewa na baiskeli. Katekista huenda nayo kwenye makanisa ya vijijini, mwalimu huenda nayo shuleni, na mgonjwa hupelekwa zahanati akiwa amekaa nyuma kwenye keria. Wala si wachache waliopata kukutana na mnyama njiani wakati wa magharibi. Kwa hiyo tumeona vema kuwaeleza wasomaji habari za Thomas Stevens, mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa baiskeli, ambaye mambo hayo yalimpata zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Alizaliwa tarehe 24 Desemba 1854, mkesha wa Noeli, katika mji wa Berkhamsted, Uingereza. Mwaka 1871 alivuka bahari kwenda Marekani, akafanya kazi za mikono huko magharibi, katika kiwanda cha reli Wyoming na katika machimbo ya Colorado. Hakuwa tajiri wala bingwa wa michezo. Baiskeli yenyewe alijifunza kuipanda akiwa mtu mzima.

Msomaji asidhani ilikuwa baiskeli kama hizi zetu. Gurudumu la mbele lilikuwa na kimo cha sentimita 127, yaani linafika kifuani kwa mtu mzima, na la nyuma lilikuwa dogo sana. Mpandaji alikaa juu ya lile kubwa. Mnyororo haukuwapo, pedali zilifungwa kwenye gurudumu lenyewe, na matairi yalikuwa mpira mgumu usio na upepo, kwa maana tairi la upepo la Dunlop lilikuja mwaka 1888. Gurudumu likigonga jiwe, au mnyama akikatiza ghafula mbele yake, mpandaji hurushwa juu ya usukani akatangulia kichwa chini. Stevens alianguka hivyo mara nyingi.

Tarehe 22 Aprili 1884 aliondoka California kuelekea mashariki. Mzigo wake ulikuwa soksi, shati moja la akiba, koti la mvua ambalo usiku lilikuwa hema na kitanda, na bastola. Barabara hazikuwapo. Karibu theluthi moja ya safari ya kuvuka Marekani aliisukuma baiskeli kwa miguu, mara nyingi kandokando ya reli. Katika milima ya Sierra Nevada theluji ilikuwa bado imejaa, ikambidi apite ndani ya mabanda marefu ya mbao yaliyojengwa juu ya reli kuizuia isifunikwe.

Akaingia katika jangwa la Nevada, nchi ya ukiwa, nyumba moja na nyingine zimetengana mwendo mrefu. Huko ndiko alikogeuka nyuma akamwona mnyama anamfuata polepole. Alikuwa puma. Wenyeji humwita simba wa milimani, ingawa si simba: dume lake halina shungi, rangi yake ni ya udongo, na ukubwa wake hukaribia ule wa chui wetu. Stevens alitoa bastola akapiga. Mnyama aliushtukia mshindo, akaenda zake.

Hapa tusimame kidogo. Baiskeli haina kelele. Mtu aendaye kwa miguu husikika, na gari husikika zaidi, bali mpanda baiskeli hutokea penye kona bila taarifa, akamkuta mnyama hana habari. Tena wanyama wa jamii ya paka huamshwa na kitu kinachokimbia kuwapa mgongo, hata kama hawakuwa na njaa. Ndiyo sababu watu wanaowajua puma hushauri mtu asikimbie, bali asimame wima, amwelekee mnyama, ajifanye mkubwa na kupiga kelele, kisha aondoke kinyumenyume polepole. Kwa maoni yetu, kilichomwokoa Stevens si risasi, kwani haikumpata mnyama, bali ni kule kugeuka na ule mshindo.

Nasi tunalisema hili kwa sababu tulifanya kinyume chake. Mwaka 1988 tulikuwa tukitoka kuwakagua wanachuo wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha, jua limekwisha kuzama, tukaona fisi nyuma yetu. Tulikanyaga pedali kwa nguvu zote. Fisi naye akaongeza mwendo. Tulipoanguka kwenye mchanga, vitabu vya masomo vikatawanyika, hatukuwa na la kufanya ila kuinuka na kuishika baiskeli mbele yetu huku tukipiga kengele kama wazimu. Akasimama, akatutazama, kisha akaingia porini. Tulifika nyumbani bila madaftari mawili na bila kiatu kimoja.

Tumrudie Stevens. Katika tambarare za magharibi ya Marekani nyoka mwenye njuga mkiani alimgonga mguuni. Meno yalinasa kwenye kitambaa kizito cha turubai alichokuwa amejifunga juu ya viatu, yasifike kwenye ngozi. Bila kitambaa kile huenda habari zake zingeishia pale.

Tarehe 4 Agosti 1884 alifika Boston. Mwaka uliofuata alianza tena Liverpool, akapita katika nchi za Ulaya hadi Uturuki na Uajemi. Huko mbwa wakali wa wachungaji walimtaabisha kuliko mnyama ye yote wa porini, na ngamia wa misafara walitimka walipoona gurudumu lile likija. Alipoingia Afghanistan wenye mamlaka walimkamata na kumrudisha mpakani. Ikambidi azunguke kwa treni na meli mpaka India. Huko China kundi la watu wenye hasira, ambao nchi yao ilikuwa imetoka katika vita na Wafaransa, lilimshambulia kwa mawe, na afisa mmoja wa serikali akamhifadhi. Safari ya baiskeli iliishia Yokohama, Japani, tarehe 17 Desemba 1886, baada ya maili kama 13,500. Hatuoni mahali ambapo mnyama wa porini alimtoa damu.

Mwaka 1889 alifika hata huku kwetu. Gazeti la New York World lilimtuma kumtafuta Stanley, aliyekuwa akirudi kutoka bara pamoja na Emin Pasha. Stevens alipita Unguja, akaenda hadi upande wa Kilimanjaro, kisha akamkuta Stanley akiwa njiani kuelekea Bagamoyo. Safari hii hakuja na baiskeli. Alikwenda kwa miguu pamoja na wapagazi, katika nchi yenye simba wa kweli, na mtu aliyejua uzito wa gurudumu lile kwenye mchanga wa Nevada hatuwezi kumlaumu.

Baadaye alimwoa Frances Barnes, mjane wa kasisi wa Kanisa la Uingereza na mama wa waigizaji Irene na Violet Vanbrugh, akawa meneja katika jumba la michezo ya kuigiza la Garrick, London. Alifariki tarehe 24 Januari 1935, mwenye miaka 80. Baiskeli yake ilitunzwa miaka mingi na kampuni ya Pope iliyoiunda, mpaka Vita vya Pili vya Dunia, ilipotolewa pamoja na vyuma chakavu vingine ikayeyushwe kwa matumizi ya vita.