Padre Edward Catich na Brashi Yake

Edward Catich alizaliwa Montana, Marekani, mwaka 1906. Akiwa mtoto alifiwa na wazazi wake, akalelewa katika kituo cha yatima, na humo akajifunza kuandika mabango. Kazi hiyo ilimpatia riziki mjini Chicago. Baadaye aliitikia wito, akaenda Roma kusoma, akapewa daraja ya upadre mwaka 1938.

Huko Roma alizichunguza herufi zilizochongwa chini ya Nguzo ya Trajani. Wataalamu wengi walidhani vijimkia vya herufi zile vilitokana na patasi. Yeye alitambua mkono wa mwandika mabango: ziliandikwa kwanza kwa brashi bapa, ndipo zikachongwa. Hoja hiyo aliieleza kitabuni mwaka 1968.

Alifundisha sanaa St. Ambrose College, Davenport, hadi alipofariki mwaka 1979, huku mwenyewe akiendelea kuandika na kuchonga.

Baadhi yetu tuliingia seminarini tukitokea kwenye useremala, ushonaji au shamba, tukadhani hayo tumeyaacha getini. Padre Catich hakuiacha brashi, nayo ikamwonyesha kile ambacho wasomi hawakukiona.