Louis Braille, mwalimu kipofu aliyetia muziki mu vidole vya batoto

Mutoto wa fundi anapenda kuingia kule baba anatumikia. Anagusa nyundo, anagusa misumari, mama anamufukuza, kesho anarudia. Louis Braille alikuwa mutoto wa namna ile. Alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 ku Coupvray, muji mudogo wa Ufaransa, karibu kilometa 40 na Paris. Baba yake, Simon-René, alikuwa fundi wa ngozi: alishona matandiko na mikanda ya farasi. Louis alikuwa kitinda-mimba kati ya batoto ine.

Alikuwa na myaka tatu siku aliingia mu ateliye ya baba, akakamata chuma cha ncha cha kutobolea ngozi, akajaribu kufanya sawa vile alikuwa anaona. Chuma kikateleza, kikamuingia mu jicho. Wakati ule dawa ya kuzuia usaha haikuwako. Kidonda kikaoza, ubaya ukavuka mpaka mu jicho la pili, na alipofikisha myaka tano hakuona tena kitu. Kwetu hapa, mutu aliyepasua majiwe anajua: jicho linaisha mu dakika moja.

Baba na mama hawakumuficha mu nyumba. Bakamupeleka ku masomo ya muji, akaikala pamoja na batoto benye kuona, akashika masomo kwa masikio. Alafu, mu mwezi wa pili 1819, akiwa na myaka kumi, akapata nafasi Paris mu masomo ya vijana vipofu iliyoanzishwa na Valentin Haüy. Nyumba ilikuwa ya zamani na yenye unyevu-unyevu mubaya. Bitabu vilikuwa bichache na bizito, juu Haüy alichapisha herufi za kawaida zilizoinuka kwa karatasi. Mutoto alipapasa herufi moja-moja, na akifika ku mwisho wa mustari amesahau mwanzo. Kuandika mwenyewe, hapana.

Muziki ulifundishwa sana mule. Lakini mufikiri namna mutoto asiyeona anafundishwa muziki bila kitu cha kusoma. Mwalimu anapiga, mutoto anasikiliza, anarudilia. Mwenye masikio mepesi anaendelea. Mwenye kusahau haraka anabaki nyuma, anangojea mutu wa kuona aje amupigie tena. Batu banasema ovyo kwamba kipofu anazaliwa na muziki mu damu. Ile ni sifa ya bure: inafanya bamunyime kufundishwa vizuri. Kati ya vipofu kuko bale ba kushika haraka na bale ba polepole, sawa vile kati ya benye kuona.

Mu mwaka 1821 askari wa zamani, Charles Barbier, akaonyesha masomo maandiko yake ya pointi zilizotobolewa kwa karatasi. Wazo lilikuwa zuri, lakini alama moja iliweza kuwa na pointi 12. Kidole hakikuifunika kwa mara moja. Tena haikuwa na namba wala noti za muziki. Louis alikuwa na myaka 12. Akaanza kupunguza, kujaribu, kupunguza tena. Alipofika myaka 15, mu 1824, kazi ilikuwa karibu kuisha: pointi sita tu, mistari miwili ya pointi tatu-tatu. Zile sita zinatoa alama 63, na kila moja inaenea chini ya ncha ya kidole.

Kitabu chake kilitoka mu 1829. Batu wengi wanajua Braille juu ya herufi, lakini mule mu jina lenyewe la kitabu alitia maneno, muziki na nyimbo za kanisa, vyote pamoja. Muziki haukuwa kitu cha kuongeza nyuma. Leo vile inaandikwa: alama ya herufi D inakuwa do, E inakuwa re, F inakuwa mi, mpaka J yenye kuwa si. Pointi mbili za chini njo zinaonyesha kama noti ni fupi ao ndefu. Hakuna mistari tano. Mutoto wa piano anasoma kwa mukono mumoja na kupiga kwa mwingine, anashika upande wa kuume, anashika upande wa kushoto, alafu anaunganisha kwa kichwa. Ni kazi ya uvumilivu. Lakini akisahau, anarudia ku karatasi yeye mwenyewe; hangojee mutu. Mwenye kuimba yeye ana bahati: vidole vinasoma na kinywa kinaimba papo hapo.

Louis akabaki mule mule kufundisha: musaidizi kwanza, alafu, mu 1833, mwalimu kamili. Alifundisha sarufi, jiografia, hesabu na muziki. Yeye mwenyewe alipiga kinanda mu kanisa za Paris, kati yake Saint-Nicolas-des-Champs, na kulipwa. Hapo kulikuwa neno kubwa kwa wazazi: kipofu wa wakati ule alijulikana kama muombaji wa barabarani. Mwenzake Claude Montal, kipofu vilevile, akawa fundi wa kulinganisha sauti za piano, na mu 1836 akatoa kitabu juu ya ile kazi. Muziki ulikuwa mukate.

Alafu mukubwa mupya wa masomo, Dufau, akaingia mu 1840, akakataza pointi. Aliona kwamba vipofu hawapaswe kuwa na maandiko yao ya mbali na ya bengine. Bitabu bikachomwa. Ninasema wazi: ile ilikuwa zulumu, hata kama alikuwa na sababu zake. Batoto hawakuacha, walijifundishana pointi kwa kujificha. Mwenye kugeuza mambo alikuwa Joseph Guadet, musaidizi wa Dufau mwenyewe, aliyeona kazi na kumushawishi mukubwa wake. Mu 1844, siku ya kufungua nyumba mupya ya masomo, pointi zilionyeshwa mbele ya wageni wote.

Louis hakuwa tena na nguvu. Tangu kijana alikuwa na kifua kikuu. Sauti ilipotea, akapunguziwa saa za kufundisha. Alikufa tarehe 6 Januari 1852, siku mbili nyuma ya kutimiza myaka 43. Ufaransa ilikubali maandiko yake rasmi mu 1854. Leo Kiswahili chetu kinaandikwa kwa pointi zile zile sita, na noti vilevile.

Mu 1952, myaka mia moja nyuma ya kufa kwake, mwili wake ulihamishwa Paris mu Panthéon, kule Ufaransa inazika bakubwa bake. Batu ba Coupvray waliomba kitu kimoja kibaki, na wakapewa: mikono yake iko mule mu makaburi ya muji, karibu na ateliye ya baba.