Johannes Rebmann na theluji ya Kibo

Johannes Rebmann alizaliwa Gerlingen, Ujerumani, tarehe 16 Januari 1820, katika familia ya wakulima. Hakuwa Mkatoliki, alikuwa Mlutheri aliyetumwa na chama cha kimisionari cha Waanglikana. Mwaka 1846 alifika Mombasa kumsaidia Ludwig Krapf pale Rabai.

Asubuhi ya tarehe 11 Mei 1848, akiwa safarini kwenda Uchagani na kiongozi wake Bwana Kheri, aliona kitu cheupe juu ya mlima. Bwana Kheri alijua tu kwamba huko kuna baridi. Rebmann, aliyekulia kwenye nchi ya baridi, alitambua mara moja kuwa ni theluji. Akaendelea hadi kwa Mangi Masaki wa Kilema, Kilema ile ambayo baadaye ilipata misheni ya kwanza ya Kikatoliki mlimani.

Habari zilipochapishwa London mwaka 1849, mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley alizikataa. Hakuwahi kufika huku, lakini aliona mmisionari amedanganywa na macho yake: theluji karibu na ikweta itoke wapi?

Inatoka katika mawingu yaleyale yanayoleta masika. Upepo wa Bahari ya Hindi hufika mlimani na unyevu wake, ukalazimika kupanda. Kwa kila mita 1,000 hewa hupoa nyuzi sita hivi, na mvuke hugeuka matone madogo mno. Juu zaidi, matone mengi hubaki maji hata chini ya nyuzi sifuri. Chembe chache za barafu zikitokea kati yao, huvuta mvuke kwa nguvu kuliko matone. Matone hukonda, barafu hunenepa mpaka ikaanguka. Ikiangukia Kibo, kwenye mita 5,895, hubaki theluji. Ikishuka kuelekea Moshi, huyeyuka njiani na kufika mvua. (Si mvua yote huanza hivyo, manyunyu ya migombani mara nyingi ni matone yaliyogongana na kuungana tu.) Sehemu kubwa ya maji humwagika msituni, na kileleni hufika kidogo. Kwa hiyo suala ni kimo, wala si ikweta.

Rebmann hakuwa na maelezo hayo. Sayansi iliyapata karne ya 20. Alikuwa na macho yake, na hakubadili neno. Mwaka 1849 alirudi hadi Machame, ambako Mangi Mamkinga na watu wake walimnyang'anya mali. Mwaka 1862 baroni Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda kupita mita 4,000, na theluji ikawaangukia. Medali ya dhahabu ya London ilikwenda kwa baroni.

Rebmann alibaki karibu na Rabai, akitunga kamusi. Mkewe Emma alifariki mwaka 1866. Kisha macho yale yaliyobishaniwa yakapofuka. Mwaka 1875 alirudishwa Ujerumani akiongozwa na Isaac Nyondo, akafariki Korntal tarehe 4 Oktoba 1876.