Ibn Sina na Dawa ya Maumivu

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, leo tunamkumbuka tabibu Abu Ali Ibn Sina, kwani maisha yake yana funzo kwa kila nyumba hapa Pangani yenye mgonjwa wa maumivu makali.

Alizaliwa mwaka 980 karibu na Bukhara. Alihifadhi Qur'ani akiwa na miaka 10, na akiwa bado kijana aliitwa kumtibu amiri wa mji huo. Kitabu chake, Al-Qanun fi al-Tibb, kilisomeshwa kwa karne nyingi katika nchi za Kiislamu na Ulaya. Humo aliitaja afyuni kuwa yenye nguvu kuliko dawa zote za kutia maumivu ganzi, na akatahadharisha kuwa yaweza kuua.

Hatari hiyo ilimfika mwenyewe. Mwanafunzi wake, al-Juzjani, amesimulia kuwa Ibn Sina aliugua tumbo, kisha akapatwa na kifafa, akaandaliwa dawa ya mchanganyiko wa vitu vingi. Watumishi waliokuwa wamemwibia mali waliogopa adhabu, na mmoja wao akazidisha afyuni ndani yake. Mwenyezi Mungu alimnusuru na dawa ile, lakini maradhi yalimrudia. Alipoona nguvu zimemwisha aliacha kujitibu, akatubia na kutoa sadaka. Alifariki Hamadhan mwaka 1037.

Mofini wanayopewa wagonjwa wa saratani, tramadoli, na methadoni wanayopewa vijana wanaoacha unga, zote ni za ukoo wa afyuni. Kuzitumia kwa amri ya daktari ni tiba, wala hatuoni sababu ya kumwacha mzazi akiteseka. Msiba huja zinapochanganywa na pombe, valiamu, vidonge vya usingizi au baadhi ya dawa za kifafa. Kila moja huufifisha ubongo, na zikikutana huipunguza pumzi hadi ikakatika usingizini.

Basi tumweleze daktari kila anachokunywa mgonjwa wetu, bila kuficha kwa haya. Tusimpe kidonge cha jirani, wala tusimkatizie dawa yake ya kifafa bila ushauri. Akilala asiamke, akakoroma isivyo kawaida na pumzi ikawa ya taratibu mno, tumkimbize hospitali mara moja.

Kuhifadhi uhai ni amana.

Wabillahi tawfiq.